Namba ya tatu kwenye mashine ya presha

Wanaokuja hapa kutafuta mishono mipya ya vitenge, leo mnivumilie. Jambo hili la presha yangu nimekaa nalo muda mrefu, na kila nikimpima mteja shingo linanirudia, kwa hiyo acha niliandike.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Mwanjelwa, hapa Mbeya. Nimezaliwa Isongole, kule juu njia ya kwenda Tukuyu, kwenye viazi na ukungu. Umri wangu ni ule ambao mwanamke akilalamika lolote anaambiwa ni mambo ya kukoma hedhi.

Presha yangu aliigundua kijana mmoja mwenye meza na mashine, wale wanaokaa jirani na stendi ya Kabwe wanapima uzito na presha. Ilisoma 165 kwa 60. Akaniuliza, "Mama, umegombana na nani leo?" Nikamwambia nimetembea haraka na furushi la vitambaa kichwani. Akanishauri nikapumzike, nipunguze chumvi. Nilipopima tena kwenye duka la dawa ikawa 142 kwa 72, nikashukuru Mungu. Baadaye kidogo, 170 kwa 58. Leo iko juu, kesho imetulia, keshokutwa imeruka tena.

Hapo kila mtu akawa daktari. Dada wa duka la dawa alisema ni mawazo. Jirani yangu muuza nyanya alisema ni ile presha ya kupanda na kushuka, dawa yake kitunguu saumu na limao asubuhi. Shemeji yangu yeye alisema mashine zote za Mbeya zimeharibiwa na baridi. Nilicheka, lakini kwa kweli niliipenda kauli ya shemeji kuliko zote maana haikunidai kitu.

Kituo cha afya nilikoenda walinianzishia dawa ya presha, amlodipini. Hawakukosea kwa kiwango cha karatasi, maana mtu akipimwa mara kwa mara na kukutwa 140 na zaidi, inahesabika ni presha ya juu. Lakini miguu ikaanza kuvimba kwenye vifundo, jambo ambalo dawa hiyo huwafanyia baadhi ya watu, na moyo ukaendelea kunienda mbio hata nikiwa nimelala. Niliporudi kulalamika niliandikiwa dawa ya usingizi na kuambiwa nipunguze mawazo. Mawazo! Nina watoto wa shule, nina kodi ya kibanda, nina wateja wanaotaka gauni la harusi Jumamosi wakati kitambaa wameleta Alhamisi. Nani Mbeya hii hana mawazo? Mbona hawavimbi wote?

Wakati huo yalikuwapo mambo mengine ambayo sikuyahesabu kuwa ni jambo moja na presha. Nilikuwa nakula ugali wa kumshibisha kibarua wa shamba, na bado sketi zinanidondoka kiunoni. Wateja wakanipongeza: "Fundi umependeza, umepunguaje? Tuambie siri." Wengine hawakupongeza, walikaa kimya wakiniangalia kwa pembe ya jicho, na mtu wa mkoa huu anajua kimya hicho kinauliza nini. Nilikwenda kupima virusi, nikapima na sukari. Vyote sikuwa navyo. Nikarudi na majibu yangu mkobani na mwili ukaendelea kuisha.

Halafu jasho. Mwezi wa saba, Mbeya ile ambayo watu wanatembea na mablanketi begani na asubuhi maji ya bomba yanauma vidole, mimi nakaa kwenye mashine na blauzi ya mikono mifupi, mgongo umelowa. Choo mara nyingi kwa siku bila kuharisha. Nywele zikabaki kwenye kitana. Hasira za karibu, kiasi kwamba binti yangu alianza kuniita "mkuu wa mkoa" kwa siri. Na mikono. Kutunga uzi kwenye sindano, kazi ninayoifanya nikiwa napiga soga, ikanishinda. Nilikuwa namwomba mwanafunzi wangu anitungie, nikisingizia macho. Nilipokuwa nakata kola, mkasi ulikuwa unaacha meno meno pembeni.

Aliyeunganisha hayo yote alikuwa daktari kijana, binti wa umri wa mpwa wangu, kwenye kliniki nyingine kabisa. Aliniamkia shikamoo kwanza, akanikalisha. Hakufunga ule mkanda wa presha mkononi palepale. Aliniambia, "Mama, tukae kidogo kwanza. Miguu chini, mgongo uegemee, mkono uweke mezani." Tukakaa kama dakika tano, yeye anaandika, mimi nasoma bango la chanjo. Akapima mkono wa kulia, akapima na wa kushoto. 164 kwa 60 na ushee. Kisha akafanya kitu ambacho hakuna aliyekifanya kabla: akaandika na namba ya tatu.

Mashine hizi za kisasa zinaonyesha namba tatu. Ya juu, ya chini, na ile ndogo ya mwisho ambayo ni mapigo ya moyo kwa dakika. Kwenye vikaratasi vyangu vyote, kuanzia meza ya Kabwe mpaka kituo cha afya, watu walinakili mbili za kwanza na kuiacha ya tatu kwenye kioo mpaka ikazimika yenyewe. Siku hiyo ilikuwa 118. Mtu mzima aliyetulia kwenye kiti kwa kawaida moyo wake hupiga kati ya 60 na 100. Mimi nilikuwa nimekaa nasoma bango.

Akanitazama shingo. Akanipa kikombe cha maji, akasema ninywe funda moja nalo nimeze huku yeye ameinamia usawa wa koo langu, anaangalia kinachopanda na kushuka. Akanizunguka nyuma, akaweka vidole pande zote mbili za koromeo, akaniambia nimeze tena. Akaweka na kile chombo cha kusikilizia moyo pale pale shingoni, mahali ambapo sikujua kuna cha kusikiliza. Halafu akaniambia ninyooshe mikono mbele, viganja chini, vidole vimeachana, akachukua karatasi moja nyeupe kwenye fomu zake na kuilaza juu ya vidole vyangu.

Karatasi ilitetemeka mpaka ikatoa sauti.

"Mama," akasema, "hii kola ya blauzi umeshona mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo. "Mbona kifungo cha juu hukifungi?" Nilibaki mdomo wazi. Kile kifungo nilikuwa nimekiacha wazi kwa miezi nikidhani ni joto. Mimi ambaye nikiongeza nusu inchi kwenye shingo ya mteja naandika kwenye daftari! Nyumbani niliifuata blauzi hiyo, nikapima kola, nikajipima na shingo mbele ya kioo. Namba sikuzipenda.

Alinituma kupima TSH na T4. Nitaeleza nilivyoelewa, kwa lugha ya kibandani. Ile tezi iliyopo mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo, hutengeneza homoni, ndiyo hiyo T4, inayoamua mwili uchome nguvu kwa kasi gani. Juu yake kuna msimamizi, tezi nyingine ndogo chini ya ubongo, ambaye hutuma TSH kuiambia ya shingoni izalishe. Ya shingoni ikizalisha kupita kiasi, msimamizi ananyamaza. Kwa hiyo mtu mwenye homoni nyingi TSH yake inakuwa chini, na mwenye homoni pungufu TSH yake inapanda kwa sababu msimamizi anapiga kelele. Kwa maabara nyingi kiwango cha kawaida cha TSH ni kama 0.4 mpaka 4. Yangu ilisomeka chini ya 0.01, na T4 imepitiliza juu. Kipimo hicho kilinila zaidi ya mshono wa gauni la send-off lenye shanga, na nilikilipia mwenyewe, lakini kilimaliza mabishano yote.

Na presha je? Hapa ndipo nilipomuuliza zaidi, maana nilitaka kujua kwa nini ya juu inaruka huku ya chini imelala. Akanieleza kwamba homoni ikizidi, moyo unapiga haraka na kwa nguvu, ndiyo maana namba ya juu inapanda. Wakati huohuo mishipa midogo inalegea, ndiyo maana ya chini inashuka. Pengo kati ya namba hizo linakuwa kubwa. 164 kwa 60 na ushee, pengo la karibu 100, mapigo 118. Niliporudi kupekua vikaratasi vyangu vya nyuma niliona pengo lilikuwa kubwa tangu Kabwe. Kuruka ruka kwa ile ya juu kulitegemea nimepimwa nikiwa nimetembea au nimekaa, nimekunywa chai ya rangi au la. Lakini pengo lilibaki kubwa kila mara.

Aliniuliza maswali mengine ambayo naona yanafaa kila mwenye presha isiyoeleweka ayasikie. Kama nameza diklofenaki kwa ajili ya mgongo, na mafundi wengi tunazimeza kwa kuinama kwetu, maana dawa za maumivu za kundi hilo hupandisha presha. Kama nakoroma sana na kukata pumzi usingizini. Kama nimewahi kuwa na tatizo la figo. Kama natumia njia ya uzazi wa mpango yenye homoni, au dawa za mitishamba za kupunguza mwili. Na kama natumia vile vidonge vya nywele na kucha vinavyouzwa saluni, kwa sababu vingi vina vitamini inayoitwa biotini kwa wingi, na biotini inaweza kupotosha kipimo cha tezi kikaonyesha ugonjwa usiokuwepo. Sikuwa natumia. Lakini mteja wangu mmoja ana saluni na nilimfikishia habari.

Jina la ugonjwa wangu ni Graves, la daktari wa Ireland, Robert Graves, aliyeuandika mwaka 1835. Kinga ya mwili inaikosea tezi na kuichochea bila kupumzika. Kwa wengine macho hutoka nje. Yangu yalikauka na kuwasha tu. Nilipewa propranolo ya kutuliza moyo na mtetemeko, na kabimazo ya kuzuia tezi kuzalisha. Propranolo ilifanya kazi upesi, ndani ya siku chache nikatunga uzi mwenyewe, na mwanafunzi wangu akanipigia makofi. (Mwenye pumu asiiguse dawa hiyo bila daktari kujua, inaweza kumbana kifua.) Kabimazo inakwenda polepole, wiki kadhaa, kwa sababu homoni iliyokwisha kutengenezwa lazima kwanza iishe. Onyo lake nililiandika kwa kalamu nyekundu na kulibandika ukutani karibu na pasi: nikipata homa na koo kuuma au vidonda mdomoni, nisimeze tena, niende siku hiyohiyo kupima chembe nyeupe za damu, kwa kuwa kwa watu wachache dawa hiyo huzishusha mpaka hatari.

Sasa mnaodhani hadithi imeisha, subirini. Nilitakiwa kurudi kupima baada ya wiki kadhaa. Nikaenda. Vitendanishi, zile kemikali za kupimia, vimeisha. Nikaenda tena, mashine iko kwenye matengenezo, njoo mwezi ujao. Nikaendelea na dozi ileile kubwa ya mwanzo. Taratibu nikaanza kusikia baridi, ile baridi ya kukaa ndani ya mifupa, nikashonea nimevaa sweta mbili na kitenge kiunoni. Uso ukajaa asubuhi. Choo kikawa kigumu. Usingizi unanichukua kwenye pedeli, na sketi zilezile nilizozipunguza ikabidi nizifumue. Wale wa "umependeza" wakawa wa "fundi umenenepa, maisha yamekaa vizuri".

Presha ikabadilika sura. 138 kwa 98. Mapigo 56. Ile ya juu imeshuka, mtu wa haraka angesema hongera. Lakini ya chini imepanda na moyo unajivuta, kinyume kabisa cha mwanzo. Homoni ikipungua mno mishipa inakaza, ndiyo maana ya chini hupanda. Dawa ilikuwa imenivusha mpaka ng'ambo ya pili. Siku hiyo daftari langu ndilo lililosema, maana tangu lile tukio la karatasi nilikuwa naandika namba zote tatu ukurasa wa nyuma wa vipimo vya wateja. Dozi ikapunguzwa. T4 ikakaa sawa kabla ya TSH. Nikaambiwa nisiogope, msimamizi akishalala huchukua miezi kuamka, kwa hiyo mwanzoni wanafuatilia zaidi T4.

Mama yangu nilipomweleza haya kwa simu alicheka. "Ni rovu hilo mwanangu, mbona unalizungusha?" Kwetu Isongole rovu si kitu cha kushangaza. Nilikua nikiwaona bibi zetu na uvimbe shingoni, wengine umefunikwa na khanga, wengine wameuacha na kuuvisha shanga. Nyanda hizi zetu, kuanzia Iringa na Makete mpaka Rungwe na Umalila, zina historia ndefu ya upungufu wa madini joto: mvua inaosha udongo wa milimani, na samaki wa baharini hakuwa chakula chetu. Tezi ikikosa madini hayo inajitanua kujaribu kuyanasa. Nakumbuka shuleni tulimezeshwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, mwalimu anasimama mbele kuhakikisha umemeza. Baadaye, miaka ya 1990, serikali ikaweka sheria chumvi itiwe madini joto.

Lakini mama na mimi hatufanani. Rovu la ukosefu wa madini linaweza kukaa miaka mingi bila kubadilisha presha wala mapigo, na shingo yangu ingekuwa kubwa vilevile kama kinga ya mwili wangu ingenishambulia nikiwa nimezaliwa Tanga na kulelewa kwa changu na dagaa. Tena kuna kisa cha tatu: rovu la zamani lenye vinundu, ambalo linafika wakati vinundu vinaanza kuzalisha homoni bila kumsikiliza msimamizi. Huwapata wazee, na mara nyingi hawatetemeki wala kuwa wakali. Wanakonda tu na moyo kupiga bila mpangilio. Chumvi yenye madini joto ilipoingia kwa wingi Zimbabwe miaka ya 1990, madaktari waliona wagonjwa wa aina hii wakiongezeka kwa muda. Si sababu ya kurudi kwenye chumvi ya mawe inayopimwa kwa kisado barabarani, hapana, mtoto aliye tumboni akikosa madini joto ubongo wake ndio unaolipa. Ni sababu ya kumpeleka bibi mwenye rovu na moyo wa mbio akapimwe, badala ya kumwambia ni uzee.

Na chumvi ya pakiti yenyewe tuitunze. Nimeona jikoni kwangu mwenyewe bakuli la chumvi limeachwa wazi dirishani linapigwa jua. Madini joto hupotea kwa jua, unyevu na moto, ndiyo maana inafunikwa na kutiwa chakula kikikaribia kuiva.

Sasa hivi nipo 126 kwa 78, mapigo 74, na kifungo cha juu kinafunga kwa shida. Kabimazo kwa kawaida humezwa mwaka hadi mwaka na nusu, kisha wanakuachisha na kutazama. Wengine hupona, kwa wengine hurudi. Ikinirudia kuna njia mbili, kukatwa tezi au kunywa dawa ya mionzi, na ya pili inabidi nifunge safari ya Dar es Salaam, hospitali ya saratani ya Ocean Road. Zote mbili mara nyingi zinakuacha huna homoni ya kutosha, unameza levothairoksini maisha yote, asubuhi tumbo tupu, nusu saa mpaka saa nzima kabla ya chai. Dada yangu anataka nikakatwe mapema niachane na mazungumzo. Mimi sina haraka. Nimemwuliza daktari kama fundi aliyekatwa shingo anaweza kuinama kwenye cherehani, akasema kovu likipona hakuna shida, ila kuna mishipa ya sauti jirani pale na tezi nne ndogo za kutunza kalsiamu, kwa hiyo nitafute daktari wa upasuaji aliyezifanya nyingi.

Januari ni msimu wa sare za shule na sitaki kulala wodini. Kipimo kingine cha T4 ni kabla ya hapo, na safari hii nimewapigia simu kwanza kuuliza kama vitendanishi vipo. Vipo, wamesema, mpaka Ijumaa.